Ohio State walichapwa na Michigan halafu wakabeba kombe: hizi nyota za usajili zina maana gani?

Swali limetoka kwa baba mmoja, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Mimi mzaliwa wa Kigoma, naishi Columbus, Ohio. Mwanangu yuko gredi ya 10, anacheza futiboli ya Kimarekani, mstari wa mbele wa ulinzi. Nyumbani kwangu ni Ohio State, timu ya chuo cha hapa, asubuhi mpaka usiku. Mi nimekua na mpira wa miguu kwa iyo kuna vitu sielewi. Mwaka 2024 walifungwa na Michigan, chuo hasimu wao, nyumbani kwao, watu wakataka kocha afukuzwe, halafu Januari wakawa mabingwa wa nchi nzima, inakuaje hapo? Na hizi nyota wanazopewa watoto wa sekondari kabla ya kusaini chuo, kijana anazitazama kwenye simu kila siku, zina maana kweli au ni biashara tu? Na yeye ana nafasi?"

Marahaba kaka, karibu sana. Umeuliza matatu ila kwangu ni swali moja, na jibu nakupa hapa hapa juu usije ukachoka njiani: nyota zina maana, tena kubwa, ila hazisemi kile watu wanachodhani zinasema. Ule ubingwa wa Januari 2025 haukuletwa na usajili uliokua unapigiwa kelele mwaka ule. Kwa sehemu kubwa uliletwa na vijana waliosajiliwa 2021, ambao nusu ya Columbus walikua washawachoka. Hao ndo nataka tuwaangalie vizuri, manake ukiwaelewa hao umeelewa kila kitu.

Tuanze na utaratibu. Kuingia chuo hakuna drafti, yaani timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, kama ya NFL, ile ligi ya kulipwa. Kocha anamfuata mtoto kwao, anakaa sebuleni na wazazi, anakula mlichopika, anaahidi skolashipu, na mtoto ndo anachagua aende wapi. Wote wanaosaini kuingia mwaka mmoja wanahesabiwa kundi moja na wanaitwa kwa mwaka wa kuingia, kwa iyo ukisikia klasi ya 2025 ujue ni watoto waliosaini Desemba 2024. Mitandao kama 247Sports, Rivals na ESPN inawapa alama, na juu kabisa ni nyota 5, ambao ni wachache mno, kama 32 hivi nchi nzima kwa mwaka. Hiyo 32 haikuokotwa njiani, ni kwa sababu raundi ya kwanza ya drafti ya NFL ina nafasi 32. Yaani anayempa mtoto wa miaka 17 nyota 5 anachosema ni kimoja tu: huyu namwona raundi ya kwanza ya NFL miaka mitatu minne ijayo. Hajasema atashinda kombe, hajasema atapenda shule, na hajasema atabaki.

Hilo la kubaki lishike.

Klasi ya 2021 ya Ohio State ilikua ya pili kwa ubora nchi nzima, nyuma ya Alabama tu. Jack Sawyer, mtoto wa Pickerington, hapo hapo jirani na wewe, nyota 5. JT Tuimoloau na Emeka Egbuka kutoka jimbo la Washington, mbali huko, nyota 5 wote wawili. TreVeyon Henderson, mkimbiaji kutoka Virginia. Donovan Jackson, jitu la mstari wa mbele kutoka Texas. Marvin Harrison Jr., mpokeaji. Kwotabaki, yaani anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, Kyle McCord wa Philadelphia. Na juu ya wote, Agosti 2021 akaongezeka Quinn Ewers, kwotabaki wa Texas aliyekua namba moja nchi nzima, ambaye aliamua kuruka mwaka wake wa mwisho wa sekondari aje chuo mapema.

Kwa nini aliruka? Hapa ndo pesa inaingia. Tarehe 1 Julai 2021 NCAA, yaani chama kinachosimamia michezo ya vyuo, iliruhusu kwa mara ya kwanza wachezaji walipwe kwa matumizi ya jina na sura zao, kitu kinaitwa NIL. Texas wakati ule walikua hawaruhusu mtoto wa sekondari kuchukua hela hizo, kwa iyo Ewers akaona nikae hapa nikose mamilioni au niende chuo sasa hivi? Akaenda. Na miezi michache kabla ya hapo NCAA ilikua ishabadilisha sheria nyingine, kwamba mchezaji anaweza kuhama chuo mara moja bila kukaa nje mwaka mzima. Kwa iyo klasi ya 2021 iliingia mlangoni siku ambayo sheria zote mbili zimefunguka, ya pesa na ya kuhama. Tazama kilichotokea. Ewers alicheza majaribio mawili tu msimu mzima (kila mpira unapoanzishwa ni jaribio), dhidi ya Michigan State, mchezo ushaisha, hakurusha pasi hata moja, Desemba akarudi zake Texas. McCord alisubiri, akawa kwotabaki mkuu 2023, akafungwa na Michigan, akahamia Syracuse, na 2024 akaongoza nchi nzima kwa yadi za pasi akiwa na jezi ya watu wengine. Harrison alienda NFL baada ya 2023, akachukuliwa wa 4 kwenye drafti na Arizona.

Waliobaki ndo hao kina Sawyer. Na waliobaki walikua na doa moja baya sana: Michigan.

Kaka, wewe mtu wa Kigoma unajua Simba na Yanga, basi hii ni ile ile ila inachezwa mara moja tu kwa mwaka, mwisho wa Novemba, ukipoteza unaishi nayo siku 364. Hawa vijana wa 2021 wamefungwa 42 kwa 27 mwaka wao wa kwanza, 45 kwa 23 wa pili, 30 kwa 24 wa tatu. Januari 2024 Sawyer, Tuimoloau, Egbuka, Henderson, Jackson, Tyleik Williams, Denzel Burke, hawa wote wangeweza kuingia drafti ya NFL, wakakaa kikao wakaamua wanarudi mwaka wa nne. Sikiliza, mtu mwenye nyota 5 kurudi mwaka wa nne sio kawaida. Ni kweli walilipwa vizuri, mkurugenzi wa michezo wa chuo, Ross Bjork, mwenyewe alisema hadharani kikosi kile kiliwagharimu kama dola milioni 20 za NIL. Ila hela NFL zipo pia bwana. Walirudi kwa sababu ya Michigan.

Halafu kocha Ryan Day akawazungushia watu wazima kutoka vyuo vingine. Kwotabaki Will Howard kutoka Kansas State. Mkimbiaji Quinshon Judkins kutoka Ole Miss. Senta, yule anayeanzisha mpira, Seth McLaughlin kutoka Alabama. Na Caleb Downs, beki wa nyuma aliyekua mwaka wa kwanza Alabama, Nick Saban alipostaafu Januari 2024 kijana akatoka, kwangu mi huyo ndo usajili bora wa mwaka ule kuliko mtoto yeyote wa sekondari, isipokua mmoja nitakayemtaja sasa hivi. Chip Kelly aliacha kazi ya kocha mkuu UCLA akaja kua msaidizi tu, apange mashambulizi. Na kutoka sekondari akaja Jeremiah Smith wa Florida, mpokeaji, namba moja nchi nzima klasi ya 2024, ambaye mwaka wake wa kwanza tu alidaka mipira 76, yadi 1,315, tachidauni 15 (tachidauni ni kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa adui). Huyu ni mfano wa nyota 5 iliyosema ukweli tangu siku ya kwanza. Wapo. Ni wachache.

Msimu wenyewe. Akron 52 kwa 6, Western Michigan 56 bila, hizo ni mechi za kupasha moto. Oktoba 12 wakaenda Oregon wakapoteza kwa pointi moja, 32 kwa 31, Howard aliteleza chini na mpira saa imeisha, sekunde moja tu angeomba taimu auti wangepiga teke la kushinda, lile la kupitisha mpira kati ya nguzo kwa pointi tatu. Ila kilichouma zaidi siku ile ni goti la Josh Simmons, yule anayelinda mgongo wa kwotabaki upande wa kushoto, msimu wake ukaisha pale pale. Hapo wakafanya kitu ambacho watazamaji wengi hawakukiona: Donovan Jackson, ambaye maisha yake yote chuoni amecheza gadi, ndani kule katikati, wakamhamishia nje kushoto katikati ya msimu, dhidi ya Penn State, mbele ya Abdul Carter, mmoja wa walinzi wakali kuliko wote nchini. Mechi ile wakashinda 20 kwa 13. Kijana mwaka wake wa nne anaambiwa ahame nafasi kwa sababu timu imepungukiwa, na anajua maskauti wa NFL wanamtazama anavyohangaika, na anakubali. Hiyo haimo kwenye nyota.

Wakampiga Indiana 38 kwa 15, na wiki hiyo hiyo senta McLaughlin akakatika mshipa wa kisigino mazoezini. Halafu ikaja tarehe 30 Novemba, Michigan wanakuja Columbus na rekodi ya kushinda 6 kupoteza 5, wachezaji wao wawili bora hawachezi, kila mtu anasema Ohio State watashinda kwa pointi 20. Watu zaidi ya laki moja uwanjani. Nakuambia ile mechi Ohio State walijifunga wenyewe, waling'ang'ania kupita katikati kwenye ukuta wa Michigan wakati wana wapokeaji bora nchi nzima pembeni wamesimama, Howard akatoa mipira miwili kwa adui, mpiga teke Jayden Fielding akakosa mara mbili, na zikiwa zimebaki sekunde 45 Michigan wakapiga teke lao, 13 kwa 10. Mara ya nne mfululizo. Wachezaji wa Michigan wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja, vurugu, Sawyer akaing'oa bendera kwenye fimbo yake, polisi wakapuliza pilipili. Vijana wa 2021 wakamaliza miaka yao minne hawajawahi kumfunga Michigan hata mara moja. Hilo halifutiki, hata ubingwa haujalifuta, muulize mtu yeyote pale kwenu.

Sasa swali lako, inakuaje timu iliyopoteza mbili inakua bingwa. Jibu ni kwamba 2024 ndo mwaka wa kwanza wa mtoano wa timu 12. Tangu 2014 mpaka 2023 zilikua zinaingia 4 tu, na kwa mtindo ule Ohio State wangekaa nyumbani wakitazama tivii, Day labda asingekua na kazi. Kwenye 12 waliingia wakiwa wa 8.

Ukiuliza kwangu walibadilika wapi, nasema waliacha kuogopa kupoteza. Tarehe 21 Desemba Tennessee walikuja Columbus, baridi kali, mashabiki wao wa jezi za machungwa wamejaa kweli kweli kwa sababu wenyeji wenye hasira waliuza tiketi, na robo ya kwanza haijaisha ni 21 bila. Ikaisha 42 kwa 17. Siku ya mwaka mpya, kwenye uwanja wa Rose Bowl, wakakutana tena na Oregon, ambao hawajapoteza hata moja mpaka hapo, wakawa wanaongoza 34 bila kabla ya mapumziko, Smith kadaka yadi 187. Ikaisha 41 kwa 21. Mi nimeona mechi nyingi za mtoano, sijaona timu namba moja inachapwa vile.

Halafu nusu fainali, tarehe 10 Januari 2025, Texas. Kwotabaki wa Texas ni nani? Quinn Ewers. Na 2021 alipokua Columbus ile miezi michache alikua anakaa chumba kimoja na nani? Jack Sawyer. Nakuomba mtafute hii na kijana muitazame mkiwa pamoja, kwa sababu kijana anacheza nafasi hiyo hiyo. Ohio State wanaongoza 21 kwa 14, zimebaki dakika chache, Texas wako yadi moja, moja tu, kutoka kwenye tachidauni ya kusawazisha. Wakasukuma katikati wakakwama, halafu wakarusha mpira pembeni kwa mkimbiaji, ulinzi ukaruka nao wote, wakamkamata nyuma yadi 7. Jaribio la tatu, kati ya manne ambayo timu inapewa, pasi haikufika. Jaribio la nne Ewers anarudi nyuma, Sawyer anatoka pembeni, anamzunguka mtu wa Texas, anamgonga Ewers mkono, mpira unatoka, unadunda, unarudi mikononi mwa Sawyer mwenyewe, na mbele yake hakuna mtu. Yadi 83. Jitu la kilo mia na kitu linakimbia uwanja mzima huku limeshaishiwa pumzi. 28 kwa 14. Wawili wa klasi moja, mmoja aliondoka mwaka wa kwanza, mwingine akabaki minne.

Fainali Atlanta tarehe 20 Januari, Notre Dame walianza kwa kushikilia mpira karibu dakika 10, wakafunga, halafu hawakuonekana tena mpaka imefika 31 kwa 7. Howard alianza kwa kukamilisha pasi 13 mfululizo. Judkins tachidauni tatu. Notre Dame wakarudi mpaka 31 kwa 23, Columbus nzima mapigo ya moyo yako juu, jaribio la tatu na yadi 11 za kupata, timu nyingi hapo zinakimbia katikati zipoteze muda, Howard akamrushia Smith mbali, yadi 56. Fielding yule yule aliyekosa na Michigan akapiga teke la mwisho, 34 kwa 23. Kwa iyo angalia: mpira wa kuua mchezo umerushwa na mtu aliyehamia kutoka Kansas State, umedakwa na mtoto wa mwaka wa kwanza nyota 5, nyuma ya ulinzi wa watu wa mwaka wa nne ulioruhusu pointi chache kuliko timu yoyote ya ngazi ya juu mwaka ule. Ukiondoa kundi moja hapo kombe hamna.

Drafti ya Aprili 2025 walienda wachezaji 14 wa Ohio State. Raundi ya kwanza walikua wanne, Egbuka Tampa Bay, Jackson Minnesota, Tyleik Williams Detroit, na Simmons Kansas City pamoja na goti lake. Watatu kati ya hao ni klasi ya 2021. Jackson yule aliyehama nafasi alichaguliwa wa 24, na mi naamini kuhama kule kulimpandisha badala ya kumshusha.

Haya, klasi ya 2025 anayoitazama kijana. Walisaini tarehe 4 Desemba 2024, yaani siku nne tu baada ya Michigan! Hebu fikiria wewe ni mzazi, mtoto wako kaahidi kwenda Ohio State, mji mzima unadai kocha afukuzwe, na Jumatano anatakiwa kusaini. Wengi walishikilia. Kwotabaki Tavien St. Clair wa Bellefontaine, Ohio, nyota 5, akasaini. Devin Sanchez wa Houston, beki wa pembeni, nyota 5, akasaini. Na'eem Offord wa Alabama, beki mwingine wa nyota 5, akageuka siku ile ile akaenda Oregon. Bado ilikua miongoni mwa klasi bora tano nchini. Lakini angalia 2025 ilivyoenda: St. Clair na nyota zake 5 alikaa benchi, kwotabaki alikua Julian Sayin aliyetoka Alabama, na mtoto wa klasi ile aliyeng'aa haraka zaidi ni Bo Jackson wa Cleveland, mkimbiaji wa nyota 4, zaidi ya yadi 1,000 mwaka wa kwanza. Sisemi St. Clair kashindwa, jamani, kwotabaki kukaa benchi mwaka wa kwanza ni afya kabisa. Nasema tu ukimhukumu mtoto kwa mwaka mmoja utaaibika. Tuimoloau huyo huyo mwaka 2023 aliwaangusha makwotabaki mara 5 tu msimu mzima watu wakasema nyota zile zilikua hewa, 2024 zikawa 12 na nusu (nusu ni pale wawili wanapomwangusha pamoja).

Na kuna upande mwingine wa shilingi. Novemba 2025 Ohio State hatimaye walimpiga Michigan, 27 kwa 9, kwao Ann Arbor, hawajapoteza mechi, kila mtu Columbus anacheka. Wiki iliyofuata wakapoteza fainali ya Big Ten, ligi yao ya vyuo, 13 kwa 10. Kwa nani? Indiana! Chuo ambacho miaka yote kilikua kinafungwa tu, kocha Curt Cignetti alifika na kundi la wachezaji aliowatoa nao James Madison, kwotabaki Fernando Mendoza alihamia kutoka chuo cha California na hakua jina kubwa alipomaliza sekondari, akashinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Indiana wakamaliza bila kupoteza na wakabeba kombe la nchi. Wachambuzi walikua na sheria yao kwamba bingwa lazima angalau nusu ya aliowasajili wawe nyota 4 na 5, na kwa miaka mingi kweli ilishika. Indiana waliivunja vipande vipande. Kwa iyo biashara ipo, ndio, mitandao inauza hizo nyota, ila sio uongo. Ni kubashiri, na wanabashiri vizuri zaidi kwa kundi kuliko kwa mtu mmoja mmoja. Ukiwapa watoto mia wa nyota 5 watafika NFL wengi kuliko mia wa nyota 3, hilo halina ubishi. Ukinionyesha mmoja, mwanao, siwezi kukuambia chochote kwa kutumia nyota.

Sasa twende kwa kijana mwenyewe, na hapa naongea kama mtu aliyefundisha mstari wa mbele sekondari.

Gredi ya 10 hana nyota, usistuke, wengi sana hawana. Kwenye mstari wa ulinzi makocha wa vyuo wanaangalia mwili kwanza, urefu, urefu wa mikono, anavyogeuza kiuno, halafu hatua yake ya kwanza baada ya mpira kupigwa. Video nzuri kwa kocha ni dakika mbili tatu, michezo yake bora mwanzoni kabisa, bila muziki wa fujo. Juni vyuo vingi vinafanya kambi ya siku moja, unalipa ada, kijana anapimwa na anashindana mbele ya makocha wenyewe. Mpeleke Ohio State kama anataka kufurahi, sawa, ila mpeleke pia Toledo, Akron, Kent State, Bowling Green, Miami ya Oxford Ohio, hao wote wako ngazi ya juu ile ile ya kitaifa na wako mwendo wa gari kutoka kwako. Kocha wa chuo kidogo akimpenda atampigia mwenzake wa chuo kikubwa, hii dunia ni ndogo sana.

Jambo ambalo wazazi hawaambiwi: nafasi za watoto wa sekondari zinapungua. Zamani timu ilikua na skolashipu 85 na juu yake wachezaji kibao wa kujilipia. Baada ya mahakama kupitisha makubaliano ya Juni 2025, kikosi kina kikomo cha watu 105 na chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, mpaka kama dola milioni 20 na nusu kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote. Kocha mwenye nafasi chache na hela anasemaje? Anasema kwa nini nichukue mtoto wa miaka 18 nimsubiri miaka mitatu, si nichukue mtu wa 22 aliyecheza tayari. Kwa iyo mwanao hashindani na gredi mwenzake tu, anashindana na wanaume wanaohama vyuo. Ndo maana ngazi za chini nazo mzitazame bila aibu, ngazi ya pili inatoa skolashipu za sehemu, ya tatu haitoi ya michezo lakini inatoa misaada mingine ya masomo, na siku hizi mtu akicheza vizuri huko chini anapanda juu kwa kuhama.

Na shule. Hapa ndo watoto wetu wanaanguka, tena watoto wenye uwezo. NCAA ngazi ya kwanza inataka masomo ya msingi 16, na 10 kati ya hayo yawe yameisha kabla ya kuanza gredi ya 12, na wastani wa 2.3 kwenye masomo hayo tu, sio kwenye ripoti nzima, mazoezi ya viungo (PE) na muziki havihesabiwi. Kila sekondari ina orodha yake ya madarasa yaliyokubaliwa na NCAA, iko wazi mtandaoni. Kama kijana alipitia madarasa ya ESL, yaani Kiingereza kwa wageni, hakikisha lile la Kiingereza alilosoma limo kwenye orodha, manake ya kuanzia mara nyingi hayamo, na nimeona familia inagundua hilo gredi ya 12 wakati muda wa kurekebisha haupo. Na kama gredi ya 9 aliisoma nje ya Marekani, iwe Tanzania, iwe Kenya, tafuteni matokeo yale sasa, kwa sababu NCAA wanahesabu kuanzia gredi ya 9 popote ulipokua. Hujasema ana karatasi gani. Kama ni mkimbizi aliyepokelewa au ana grini kadi au uraia, hela za NIL hazina shida kwake. Mwenye viza ya mwanafunzi ndo anabanwa, asisaini kitu chochote cha kulipwa bila wakili wa uhamiaji.

Kabla ya Krismasi omba kikao na yule mshauri wa masomo shuleni kwake, nenda na kijana, muulize swali moja tu: masomo yake ya msingi ni mangapi mpaka leo na yapi yamebaki. Atakutolea karatasi. Piga picha nitumie, nitaipitia bure, ila usinitumie nyota.